Namna ya Kukwama Barabarani kwa Heshima

Umeamua kununua pikipiki kuukuu ya Kimarekani. Mkeo amekataa, fundi wako amecheka, na jamaa mwenye Honda ameanza kukupa pole mapema. Wote wana hoja, ila hakuna aliyekuambia jambo la maana: itakwama, na unaweza kujiandaa ikwame vizuri. Wapo wanaokwama wakahamaki, wakapiga simu, wakaiuza kwa hasara wiki hiyohiyo. Wapo wanaokwama wakavua glavu taratibu, wakagusa vitu viwili vitatu, wakawasha na kuondoka huku waliosimama kutazama wakiwaonea wivu. Nataka uwe katika kundi hilo la pili. Fuata hatua hizi, wala usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Zijue lawama kabla hujalaumiwa

Sifa mbaya ya pikipiki hizi haikuzuliwa kijiweni. Ina tarehe zake. Mwaka 1969 kampuni ya AMF, iliyojulikana zaidi kwa mitambo ya mchezo wa bowling, iliinunua Harley-Davidson ya Milwaukee, Wisconsin. AMF ilileta fedha ambazo kiwanda kilizihitaji sana, kisha ikataka pikipiki nyingi kwa haraka. Zilitoka nyingi kweli, na ubora ukaporomoka: oili ikavuja, bolti zikalegea, nyaya zikakatika.

Ulikuwa wakati mbaya kuliko wote wa kulegeza kamba. Mwaka huohuo wa 1969 Honda ilianza kuuza CB750, yenye silinda nne, breki ya diski mbele na stata ya umeme, na injini yake ilibaki kavu. Mnunuzi alizitazama zote mbili, akaamua.

Mwaka 1981 viongozi 13 wa Harley waliinunua tena kampuni yao kutoka AMF, wakaenda kujifunza mbinu za viwanda vya Kijapani. Mwaka 1983 serikali ya Reagan ilipandisha ushuru wa pikipiki kubwa za kigeni, zile zinazozidi cc 700, kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4. Mwaka 1984 ikatoka injini mpya ya Evolution. Mwaka 1987 Harley yenyewe iliiambia serikali kwamba ulinzi ule unaweza kuondolewa kabla ya muda wake.

Yashike hayo. Mtu akikutania kuhusu kuvuja oili, mwulize anazungumzia mwaka gani. Tisa kati ya kumi watanyamaza, na wa kumi atakuwa rafiki yako.

Hatua ya 2: Chagua injini unayoweza kuitetea

Usinunue rangi wala kromu. Nunua injini, maana ndiyo utakayoishi nayo. Tuanze na za Harley.

Knucklehead, 1936 hadi 1947: uzuri wake hauna mfano na bei yake inatisha. Ukiwa na fedha za kuinunua, nunua na nyingine ya kuendea kazini.

Panhead, 1948 hadi 1965: ilileta vichwa vya silinda vya alumini vinavyopoa vizuri zaidi. Ile ya mwaka 1965 ndiyo ya kwanza kuitwa Electra Glide, yenye stata ya umeme. Kwa mwenye goti bovu, mwaka huo ni zawadi.

Shovelhead, 1966 hadi 1984: hii ndiyo iliyobeba lawama zote za AMF. Baina yetu, ndiyo pa kupata nafuu. Makosa mengi ya kiwanda yalikwisharekebishwa na mafundi waliokutangulia. Injini iliyoishi hadi leo imeshafunguliwa na kufungwa upya, pengine zaidi ya mara moja. Tafuta iliyofungwa na mtu mwenye risiti.

Sportster ya vichwa vya chuma, 1957 hadi 1985: ni nyembamba, ina hasira, na haipendi mwenye mambo mengi. Tapeti zake hurekebishwa injini ikiwa baridi, na utazirekebisha mwenyewe. Ukiweza hilo, umeokoa fedha nyingi.

Evolution, 1984 hadi 1999: hii ni njia ya mkato ya mwenye akili. Ina sauti ileile na umbo lilelile, na oili inabaki ndani. Hakuna anayekulazimisha kuteseka ili uheshimiwe.

Na Indian? Kiwanda chake cha Springfield, Massachusetts, kilianza mwaka 1901 na kikaacha kuunda pikipiki mwaka 1953. Chief nyekundu yenye madigadi mapana itakusanyia watu kila unaposimama. Inunue kama una subira, maana spea zipo lakini hazipatikani duka la jirani.

Hatua ya 3: Kagua namba kwa kidole

Muuzaji atakutaka usikilize mlio. Mwache aongee, wewe piga magoti upande wa kushoto wa injini. Kabla ya mwaka 1970 Harley haikugonga namba ya utambulisho kwenye fremu. Namba ya injini ndiyo iliyoandikwa kwenye hati. Pitisha kidole juu yake. Kama sehemu hiyo ni laini kuliko chuma kilichoizunguka, kuna mtu aliisaga. Kama tarakimu zimepinda au zina maumbo tofauti, kuna mtu aligonga zake.

Kisha lala chini kabisa na tochi. Kasha la injini lina nusu mbili zilizochongwa pamoja kiwandani, na chini kabisa zina namba ndogo zinazofanana. Zikitofautiana, nusu hizo hazikuzaliwa pamoja. Huenda injini bado ni nzima, ila bei lazima ishuke.

Utachafuka mgongo. Usijali: mnunuzi mwenye vumbi mgongoni hupunguziwa bei kuliko mwenye koti safi.

Hatua ya 4: Danganya pasipoonekana

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuona haya. Usione haya, kiwanda ndicho kilichoanza. Softail ya mwaka 1984, ukiitazama kwa ubavu, utadhani ina fremu ngumu isiyo na springi nyuma, kama zilivyokuwa Harley kubwa kabla ya mwaka 1958. Springi zipo! Zimelazwa chini ya gia, mahali ambapo macho hayafiki. Wanunuzi walipata sura ya babu bila maumivu ya mgongo ya babu, wakaipenda sana.

Fanya vivyo hivyo. Shovelhead za kuanzia mwaka 1970 zina mfuniko wa duara upande wa kulia wa injini, na ndani yake hukaa pointi za kuwashia. Toa pointi, weka mfumo wa elektroniki unaoenea humohumo, kisha rudisha mfuniko uleule wa zamani. Kwa nje hapajabadilika kitu, ila umeondoa sababu moja kubwa ya kukwama.

Badilisha regulata ya chaji kwa ya kisasa, uifiche chini ya fremu. Weka balbu ya LED ndani ya kioo cha zamani cha taa ya nyuma. Gasketi za karatasi na za koki zikitoka, usizirudishe. Weka za kisasa. Na injini ikifa kabisa, kampuni ya S&S ya Wisconsin inauza injini nzima mpya zenye sura ya Panhead au Shovelhead.

Sheria ni moja tu. Danganya macho ya mpita njia, usimdanganye mnunuzi. Siku ya kuuza, mpe orodha ya kila ulichobadilisha. Pikipiki yenye orodha ya kweli huuzwa kwa bei nzuri kuliko yenye hadithi tamu.

Hatua ya 5: Elewana na oili

Inasimuliwa kwamba katika zama za AMF wauzaji walitandika maboksi chini ya pikipiki mpya dukani. Wewe usikasirike kwa tone. Jua linatoka wapi.

Injini hizi huhifadhi oili kwenye tenki la pembeni, si chini ya injini. Kati ya tenki na injini kuna vali ndogo ya gololi. Ikichoka, oili hushuka polepole kila pikipiki inapokaa bila kuwashwa. Baada ya wiki kadhaa unafungua tenki, unakuta limepungua, unaongeza. Unawasha. Oili yote iliyojificha chini inarudi kwa kishindo, haina pa kukaa, inatapikwa kwenye sakafu ya jirani. Watu husema injini imepasuka, kumbe ni mwenyewe aliyeilisha mara mbili.

Kwa hiyo, usipime oili ikiwa baridi. Washa kwanza, iendeshe ipate moto, izime, ndipo upime. Hilo peke yake litakuepusha na nusu ya aibu za oili duniani.

Sasa tafuta chanzo. Likidondokea karibu na mabomba membamba yanayopanda kwenda vichwani, ni sili za mabomba hayo. Bei yake ni ndogo, kubadilisha ni kazi ya mchana mmoja. Likitoka upande wa kushoto kwenye kasha la cheni, kaza bolti za mfuniko kwa zamu; lisipokoma, weka gasketi mpya. Likiwa mfululizo badala ya tone, zima na usiendelee.

Hadi umalize matengenezo, egesha kwenye changarawe au nyasi. Ukilazimika kuegesha kwenye zege la mwenyeji wako, kunja boksi safi, liweke chini kabla hajatoka nje. Mwenye kujali sakafu ya watu hualikwa tena.

Hatua ya 6: Ushinde mtikisiko

Silinda mbili za Harley zimepishana kwa nyuzi 45, na fimbo za pistoni zote mbili zimeshikwa na pini moja. Ndiyo maana hazilipuki kwa nafasi sawa. Kati ya mlipuko wa kwanza na wa pili krenki huzunguka nyuzi 315, kisha nyuzi 405 hadi mlipuko unaofuata. Mdundo ule wa kuchechemea unaowasimamisha watu barabarani unatoka hapo. Mtikisiko unaofungua bolti zako nao unatoka hapohapo. Huwezi kupenda kimoja ukakikataa kingine.

Hadi mwaka 1980, Tour Glide ilipoletwa ikiwa na injini iliyokalia mpira, Harley kubwa zote zilikuwa na injini iliyofungwa moja kwa moja kwenye fremu. Kwa hiyo fanya hivi. Nunua kalamu ya rangi nyeupe. Kila ukikaza nati muhimu, chora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma ilichokalia. Asubuhi, kabla ya safari, zunguka pikipiki ukitazama mistari. Iliyonyooka iko salama. Iliyokatika inakuambia nati imesogea, na unaikaza ukiwa nyumbani na kikombe cha chai mkononi. Weka gundi ya bolti ya bluu. Nyekundu itakulazimu kutumia moto siku ya kufungua.

Na spana? Za inchi, tafadhali. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7, ukiivamia kwa spana ya 13 itazunguka kidogo, kisha itakula kona zote. Ya inchi 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inaharibu. Ukikuta bolti zilizolika kona, ujue zimepita mikononi mwa mtu aliyekuwa na seti isiyofaa. Usiwe wewe.

Hatua ya 7: Piga kiki kama hujali

Hakuna jukwaa gumu kama kuwasha Panhead mbele ya mkahawa uliojaa. Siri ni kwamba kazi yote hufanyika kabla watu hawajatazama.

Fungua petroli. Vuta choki kama injini ni baridi. Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga kiki mara mbili taratibu ili injini inyonye mchanganyiko wa petroli na hewa. Kwenye zile za zamani zenye kipini cha mkono wa kushoto cha kuchelewesha cheche, icheleweshe. Usipofanya hivyo kiki itarudi na kukurusha. Kanyaga tena polepole hadi usikie mguu unazuiwa na mgandamizo. Sasa washa swichi, panda juu, shusha uzito wote wa mwili mara moja hadi chini, goti likiwa limekunjwa kidogo. Vaa buti.

Isipowaka kwa jaribio la pili, simama, tazama kabureta, gusa kitu, hata kama hukihitaji, kisha rudia. Anayekanyaga mfululizo anaonekana amepagawa, na anamwaga petroli nyingi mno kwenye silinda. Anayepumzika anaonekana fundi, na mara nyingi ndiye anayewasha.

Hatua ya 8: Siku yenyewe ikifika

Imezimika. Mko kando ya njia, wewe na chuma chako. Usipige teke. Fuata utaratibu.

Kwanza, geuza koki ya petroli iende kwenye akiba. Pili, fungua mfuniko wa tenki. Kama tundu lake la hewa limeziba, petroli haishuki, na utasikia hewa ikiingia kwa mvumo. Tatu, shika vichwa vya betri, uvitikise. Nne, chomoa plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, piga kiki utazame cheche. Pasipo na cheche, na kama bado una pointi, pitisha kipande cha karatasi safi katikati yake kuondoa uchafu. Uwe na kondensa ya akiba mfukoni. Ni ndogo kama kidole gumba na imewakomboa wengi.

Kama tatizo ni joto la foleni, tulia. Silinda ya nyuma haipati upepo kama ya mbele, nayo ndiyo huanza kulalamika. Ukiona foleni ndefu na dalili za joto, egesha mbele ya mkahawa, agiza kahawa, kaa mahali inapoonekana. Hakuna atakayejua kwamba hukupanga kusimama.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1915 Effie Hotchkiss alitoka Brooklyn hadi San Francisco kwa Harley, mama yake Avis akiwa kwenye kibanda cha pembeni. Inasimuliwa kwamba mipira ya ndani ya tairi ilipowaishia njiani, alikata blanketi, akalisokomeza ndani ya tairi, wakaendelea. Huko ndiko kukwama kwa heshima.

Hatua ya 9: Uwe na la kujibu

Watakuuliza kama pikipiki hizi zimewahi kutegemewa na yeyote. Jibu kwa upole, kwa majina na tarehe.

Waambie kuhusu WLA, Harley ya jeshi: zaidi ya 80,000 zilitengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na nyingi zilipelekwa Umoja wa Kisovieti. Waambie kuhusu Bessie Stringfield, mwanamke mweusi aliyezunguka Marekani peke yake kwa pikipiki katika miaka ya 1930, wakati hoteli nyingi zilimfungia mlango kwa rangi yake. Alianza na Indian Scout, kisha akamiliki Harley moja baada ya nyingine maisha yake yote. Waambie kuhusu Burt Munro wa New Zealand, aliyeichukua Indian Scout ya mwaka 1920, akaichonga kwa mikono yake kwa miongo kadhaa, na mwaka 1967 akaweka rekodi Bonneville kwa mwendo unaokaribia kilomita 296 kwa saa, akiwa na miaka 68.

Na wakisema pikipiki hizi ni za wahuni, wakumbushe kwamba katika filamu ya The Wild One ya mwaka 1953, iliyoeneza sura hiyo, Marlon Brando alipanda Triumph ya Kiingereza.

Hatua ya 10: Tunza, na ujue pa kukomea

Kama unaishi Minneapolis au popote panapoganda, jaza tenki kabla ya baridi, weka dawa ya kuhifadhi petroli, toa betri uilete ndani. Petroli yenye ethanoli ikilala kwenye kabureta miezi mitano hula mipira na kuacha gundi, na lawama itaiangukia pikipiki badala yako.

Andika daftari: tarehe, maili, ulichogusa. Daftari huonyesha kinachorudiarudia, na kinachorudiarudia ndicho cha kutengenezwa mara moja kwa fedha za kutosha. Ukikuta chuma kwenye oili, usijidanganye. Shusha injini umpe anayejua.

Hukumu yangu ni hii. Pikipiki kuukuu ya Kimarekani ilistahili sehemu ya lawama zake, hasa zile za miaka ya AMF. Lawama nyingi zilizobaki ni za wamiliki waliopima oili ikiwa baridi, waliotumia spana zisizofaa, na walioruhusu nati moja ilegee hadi ikaangusha kumi. Mashine hizi ziliundwa zifunguliwe na mtu wa kawaida, kando ya njia, kwa vifaa vinavyoenea kwenye mfuko mmoja. Umri wake wote mrefu umetokana na hilo. Basi mmiliki mtarajiwa, nunua kwanza seti nzuri ya spana za inchi na kitabu cha matengenezo cha mwaka unaoutaka, ukisome hadi mwisho. Ukikimaliza na hamu ikiwa bado ipo, katafute pikipiki.